Mfumo Uliogoma Kimwani

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa yule yule aliyepiga simu polisi. Jambo hilo lilimkera Inspekta Edvina tangu alipotoka kwake Nyanga, Bukoba mjini, asubuhi, na lilikuwa bado linamkera gari lilipoacha lami na kuanza kurukaruka kwenye barabara ya vumbi ya kuelekea Kimwani. Katika miaka yake yote ya kupeleleza makosa ya mtandao mkoani Kagera alikuwa amekutana na wahalifu wajanja na wahalifu wajinga. Hakuwahi kukutana na mhalifu anayewaita askari waje wamtazame akifanya kazi yake.

Aliyepiga simu aliitwa Avit Mwijage, kijana wa Nshambya, mtunza mfumo wa kompyuta wa Hospitali ya Mtakatifu Anselmo. Alisema kuna mtu anaishambulia hifadhidata ya hospitali, ile inayobeba majalada ya wagonjwa wote. Mara kwa mara mfumo unagoma: kurasa hazifunguki, madaktari wanabaki wanakodolea macho vioo vya kompyuta, foleni inafika getini. Wenzake Edvina walichunguza na hawakuona mtu kutoka nje. Walichokiona ni jina la Avit, likiingia kwenye mashine kuu na kukata kazi za watu kila mfumo ulipogoma. Tena ni yeye aliyezima rekodi ambayo ingeonyesha nani aliuliza nini. Bodi ya hospitali ilipoelezwa hayo haikutaka kusikia zaidi. Ilitaka kijana afikishwe mahakamani.

Ilibaki saini moja tu ya mlalamikaji, na saini hiyo ilikuwa ya Sista Getruda, msimamizi wa hospitali. Alimpokea Edvina ofisini kwake, karatasi ya malalamiko ikiwa mezani na kalamu juu yake.

"Nimekusubiri wewe tu, Inspekta. Nataka nisaini leo yaishe."

"Unaamini ni yeye, Sista?"

Sista aliangalia dirishani kwanza. "Sitaki kuamini. Huyu kijana nimempokea akiwa hajui hata njia ya kwenda kantini. Lakini mfumo ulipogoma mara ya mwisho, tulikuwa na mama mmoja wa visiwani, Serafina, kajifungua na damu haikatiki. Jalada lake halifunguki. Tungeweza kumzika yule mama. Nikimhurumia Avit leo, kesho akafa mwingine, nitamjibu nini Mungu?"

"Na mimi nikimfunga asiye na kosa?"

"Ndiyo maana sijasaini," alisema Sista. "Lakini bodi inataka jibu kabla ya jioni."

Avit alikuwa kwenye chumba cha mashine nyuma ya maabara, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini. Alikuwa amekatazwa kugusa kibodi na alikuwa ameitii amri hiyo kama mtoto aliyekatazwa kugusa sufuria. Alisimama Edvina alipoingia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Rekodi ya maswali uliizima kwa nini?"

"Ilikuwa inajaza diski. Mashine ilikuwa inaandika kila inachoulizwa, mpaka inakosa pa kuandikia. Nilidhani nikiizima mfumo utapata nafuu."

"Ukapata?"

"Haukupata."

"Kingine ulichofanya?"

"Niliomba mashine kubwa zaidi. Sista akahangaika, wafadhili wakanunua." Alionyesha kabati jeusi lililokuwa likivuma ukutani, kisha lile la kijivu, dogo, lililokaa kimya pembeni. "Ile ndogo ndiyo ya zamani. Hii kubwa ilikimbia vizuri siku chache, ikagoma kama mwenzake."

Edvina aliliweka hilo akilini. Kama mashine kubwa inagoma vile vile kama ndogo, basi tatizo si udogo.

"Mfumo ukigoma, wewe ukaingia, unaona nini?"

"Naona maswali yamerundikana, afande. Mengi mno. Mfumo huu uliandikwa Dar es Salaam, kila swali linafika kwenye mashine kwa jina moja, 'tafuta mgonjwa', na yote yanapitia mlango mmoja. Siwezi kujua limetoka chumba gani wala limeuliza nini. Nikadhani kuna mtu anatumwagia maswali makusudi. Nikiyakata, mfumo unapumua."

"Halafu?"

"Halafu yanaanza tena."

"Nionyeshe mfumo unavyotafuta."

Avit aliitazama kibodi, akamtazama askari. Edvina aliitikia kwa kichwa kumruhusu. Kijana aliandika namba ya kadi yake mwenyewe ya matibabu, na jalada likafunguka kufumba na kufumbua.

"Kila nikijaribu ni hivi," alisema. "Mama yangu kule Nshambya ananiuliza nimefanya nini, na mimi sijui nimwambie nini. Sina hata uongo wa kumpa."

Edvina alikuwa amesikia vilio vingi vya washukiwa na moyo wake ulikuwa umeota sugu kiasi. Lakini hilo la kukosa hata uongo lilimgusa. Alimwomba orodha ya siku ambazo mfumo uligoma, akatoka.

Alijifungia kwenye gari na tarehe za migomo. Kwanza alizilinganisha na mwisho wa mwezi, wakati hospitali inapotuma madai ya bima, kwa sababu kazi hiyo huwa nzito. Mwanzoni mwa mwaka zililingana vizuri sana, akaanza kutabasamu. Kisha zikaanza kutangulia. Kila mwezi migomo ilikuja mapema kidogo kuliko mwezi uliopita, ikakaa siku kadhaa, ikaondoka yenyewe, mpaka ikawa inaangukia katikati ya mwezi ambako hakuna bima wala mshahara. Alijaribu siku za zamu, siku za kliniki ya wajawazito, siku za gulio. Hakuna iliyokubali. Tabasamu likapotea, na njaa ikachukua nafasi yake.

Kantini aliomba ebitoke, ndizi za kupika, na dagaa. Mpishi, mama mnene mwenye kanga iliyofungwa kifuani, alimwangalia kama mtu aliyeomba theluji.

"Dagaa watoke wapi, waitu? Ni mbalamwezi."

"Mbalamwezi ndiyo nini na dagaa?"

"Wewe si wa Bukoba mjini? Kumbe mnakula tu. Dagaa wanafuata taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwaka hivi wavuvi hawaingii ziwani, wanakuja huku bara kutembea. Chukua maharage."

Edvina alichukua maharage. Alikuwa amemeza vijiko vichache alipoacha kutafuna. Alitoa karatasi yake ya tarehe, akaiweka kando ya sahani, kisha akachukua simu na kutafuta mwezi mpevu ulikuwa lini mwezi uliopita, na ule wa kabla yake, na ule wa kabla yake. Yote ilikubali. Mfumo wa Kimwani ulikuwa ukigoma mwezi unapowaka.

Lakini hilo halikumsafisha Avit. Bodi ingeweza kusema amechagua siku zenye watu wengi ili aumize zaidi. Edvina aliacha maharage yakipoa, jambo ambalo mpishi hakulisamehe, akaenda mapokezi.

Foleni ilikuwa ndefu. Wakulima wa Kimwani walisimama na kadi zao zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni, na kati yao wavuvi wa visiwani, wenye makoti mazito na ngozi zilizokaushwa na jua. Nyuma ya dirisha alikaa Renatha, mama mtu mzima mwenye miwani, ambaye alikuwa amepokea wagonjwa hapo tangu enzi za majalada ya makaratasi. Rozari ya mbao ilikuwa kando ya kibodi.

"Ma Renatha, usinijali," alisema Edvina, akivuta kiti. "Fanya kazi kama siku zote."

Alikuja bibi mwenye kadi. Renatha aliandika namba, jalada likafunguka, bibi akaenda zake. Kisha akaja mvuvi, mikono mitupu.

"Kadi?"

"Ilibaki kambini, mama. Na kambi nimeshahama."

"Mwalo gani?"

"Ikuza, wakati ule."

"Tajiri wako?"

"Aroni."

Renatha aliandika majina hayo, la mwalo anakoshushia samaki na la tajiri mwenye mtumbwi, kwenye kisanduku cha maelezo, kilichokuwa chini kabisa ya ukurasa, akabonyeza kitufe cha kutafuta. Kioo kilibaki cheupe. Alichukua rozari kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, midomo ikaanza kucheza. Alipomaliza Salamu Maria moja, kidole cha mkono wa kulia kikabonyeza tena kitufe. Punje ya pili, kitufe. Punje ya tatu, kitufe. Edvina aliacha kumtazama mvuvi, akawa anatazama vile vidole viwili, kimoja kwenye punje na kingine kwenye kitufe, vikienda pamoja bila kukosea. Kumi la rozari lilikuwa limefika mwisho jalada lilipofunguka.

"Haya baba, nenda chumba cha vipimo."

"Ma Renatha," aliuliza Edvina taratibu, "yule bibi mbona hukumwombea?"

"Yule ana kadi. Mwenye kadi anafunguka kabla hata sijafanya ishara ya msalaba. Wa visiwani ndio wagumu. Hawa ni kumi zima, na siku foleni ikijaa nasali rozari yote."

"Na kitufe je?"

"Naikumbusha mashine."

"Nani alikuambia uikumbushe?"

"Aniambie nani, waitu? Wewe ukimwita mtu akanyamaza, humwiti tena?"

"Na hao wenzako wa madirisha mengine?"

Renatha aliona fahari kidogo. "Wote nimewafundisha mimi. Kuliko kukaa bure na kununa, bora mtu asali."

Edvina aliinamisha uso wake ili asionekane anacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha furaha ya mpelelezi, ile inayokuja mara chache na ambayo hakuna mshahara unaoizidi. Alimtuma mlinzi amwite Avit, na Sista Getruda aje naye, na akasimamisha foleni kwa muda mfupi.

Ofisi ya mapokezi ilikuwa finyu, wakabanana. Edvina alimwagiza Avit awashe ile rekodi ya maswali aliyokuwa ameizima, na amletee kompyuta ya kubebea inayoonyesha mashine kuu inaulizwa nini. Kisha akamwomba Renatha amtafute tena yule mvuvi wa Ikuza, vile vile, na rozari yake.

Renatha alibonyeza. Kwenye kompyuta ya Avit swali moja likatokea. Salamu Maria ya kwanza ikaisha, akabonyeza, swali la pili likakaa chini ya la kwanza. Kisha la tatu. Hakuna lililokuwa limeisha. Yalipangana kama watu wanaosubiri maji bombani, na kila jipya lilizidi kuyachelewesha yaliyokuwa mbele yake.

Avit alishika kichwa. "Mama yangu. Kisanduku cha maelezo."

"Tueleze na sisi," alisema Sista.

"Sista, kitabu cha nyimbo kanisani. Ukijua namba ya wimbo, unafungua moja kwa moja. Ukijua mstari wa kwanza, kuna faharasa nyuma, unaangalia, unakwenda. Lakini ukikumbuka neno moja tu la katikati ya wimbo, utafanyaje?"

"Nitasoma kitabu chote."

"Ndicho mashine inachofanya. Namba ya kadi ina faharasa. Kisanduku cha maelezo hakina, kwa sababu waliouandika mfumo walidhani ni pa daktari kuandika neno moja mawili, hawakujua kama kuna mtu atatafutwa kwa mwalo na tajiri. Kwa hiyo kila akitafutwa mtu wa visiwani mashine inasoma jalada la kwanza mpaka la mwisho, la kila mgonjwa aliyewahi kutibiwa hapa. Na Ma Renatha akibonyeza tena, haisahau ile ya kwanza. Inaanza kusoma upya, huku ikiendelea na ile."

"Mara ngapi?" aliuliza Sista.

Renatha aliitazama rozari iliyokuwa mkononi mwake. "Mara kumi," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa kila mtu. Na madirisha yote." Alivua miwani. "Kwa hiyo ni mimi. Yule mama aliyekuwa anavuja damu ni mimi."

"Si wewe," alisema Edvina, na alihakikisha amesema kwa nguvu. "Hakuna aliyekuambia jambo hili lina madhara. Hukukosea kuwatafuta kwa mwalo, maana bila hivyo wangetibiwa kama wageni kila siku."

"Nami nilikuwa najaribu kwa kadi yangu," alisema Avit. "Miaka yote nimekaa kule nyuma na mashine. Sijawahi kukaa kiti hiki hata asubuhi moja."

Sista Getruda hakuwa ameridhika, na Edvina alimheshimu kwa hilo. "Sawa. Migomo nimeielewa. Lakini siku ya Serafina, rekodi zinasema Avit alikata kazi za hospitali nzima. Daktari mwingine alikuwa katikati ya kuandika, ukurasa ukapotea. Hilo si rozari. Hilo ni mkono wa mtu."

"Ni kweli, Sista," alisema Avit. "Nilikata zote."

Kabla Edvina hajasema neno, mtu alikohoa nje ya dirisha. Alikuwa mvuvi mmoja mrefu, wa pili kwenye foleni, kofia mkononi.

"Samahanini wakubwa. Mimi Kija. Huyo Serafina ni mke wangu, yule pale na mtoto." Alionyesha benchi la ukutani, ambako mwanamke mwembamba alikuwa ananyonyesha. "Naomba niseme nilichokiona."

"Sema," alisema Edvina. "Ulikuwa wapi siku hiyo?"

"Mlangoni pa wodi. Muuguzi alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano. Daktari akasema subiri, nione jalada kwanza. Jalada halifunguki. Wanabonyeza, wapi. Muuguzi akasema daktari, mama anaisha, nichome? Huyu kijana akaja mbio, akauliza jina la mgonjwa, akakimbilia huko nyuma."

"Kwa hiyo mfumo ulikuwa umeshagoma kabla hajafika?"

"Ulishagoma zamani, mama. Alipokimbia ndipo jalada likafunguka. Daktari akasoma, akampiga muuguzi mkono, sindano ikaanguka. Ile dawa iliwahi kumkataa mke wangu, karibu imuue, kwenye mimba ya kwanza. Iliandikwa mle. Mimi nilikuwa nimelisahau jina lake." Kija alimgeukia Avit. "Nimerudi mbalamwezi hii nikushukuru, nikaambiwa umekamatwa. Nikasema nitasimama hapa mpaka nimpate mtu wa kumwambia. Wabeja sana, mdogo wangu. Wabeja."

Sista Getruda alikuwa ameshika msalaba wake kifuani.

"Mbona hukusema?" alimuuliza kijana.

"Nilisema nimekata kazi, Sista. Mkaniuliza kwa nini nimezima rekodi. Hakuna aliyeniuliza nilikata ili jalada gani lifunguke."

Kazi ya mchana huo ilikuwa ya Avit, na Edvina alikaa naye muda wote, kwa sababu ushahidi usiojaribiwa hauna uzito mbele ya bodi. Alimtaka aanzie kwenye ile mashine ndogo ya zamani, yenye nakala ya majalada, ili wagonjwa wasisumbuliwe. Avit alitengeneza faharasa ya maneno ya kisanduku cha maelezo, ili mwalo na tajiri vipatikane kama namba ya wimbo. Kisha akafanya kitufe cha kutafuta kilale baada ya kubonyezwa mara moja, kisiamke mpaka jibu lirudi. Walipouliza mashine ndogo kuhusu Ikuza na Aroni, ilijibu papo hapo. Ile ya zamani, iliyotupwa pembeni kwa kudhaniwa imechoka, ilikuwa imelishinda lile kabati kubwa jeusi. Avit aliipapasa mgongoni kama mtu anayemwomba radhi ng'ombe, kisha akafanya vile vile kwenye mashine kuu.

Edvina alirudi ofisini kwa Sista. Karatasi ya malalamiko ilikuwa pale pale.

"Maoni yangu ya upelelezi," alisema, "ni kwamba hakuna kosa la jinai. Kuna mashine iliyoulizwa vibaya na watu wema. Bodi nitaiandikia mwenyewe."

Sista alichukua ile karatasi, akaikunja na kumpa. "Ipeleke Bukoba pamoja na maoni yako, wajue nilivyokaribia kukosea. Nakushukuru kwa kutoifuata haraka yangu. Na yule kijana nitamwomba msamaha mbele ya wote, kwa sababu nilimshuku mbele ya wote."

Jua lilikuwa limelegea waliposhuka mapokezi. Kija, aliyekuwa amewapisha wenzake mchana kutwa, alikuwa dirishani, kofia imerudi kichwani, Serafina kando yake na mtoto mgongoni. Avit alikuwa amevuta kiti karibu na cha Renatha, mara ya kwanza kukaa upande ule wa hospitali, na hakuna aliyekuwa amemwambia aondoke.

"Kadi?" aliuliza Renatha, kwa mazoea.

"Ilizama, mama," alisema Serafina.

"Mwalo na tajiri."

Serafina akataja. Renatha aliandika, akabonyeza kitufe, akachukua rozari. Vidole vilikuwa ndiyo kwanza vimeshika punje ya kwanza, mdomo haujatamka neno, jalada la Serafina likawa limejaa kwenye kioo, na lile onyo la dawa liko juu kabisa kwa wekundu.

Mama mtu mzima aliangalia kioo, akaiangalia punje. Foleni ilikuwa inasubiri, na Edvina alidhani angeiweka rozari chini aendelee na kazi. Lakini Renatha aliunyoosha mkono wa kulia mbali na kitufe, akauweka begani kwa Avit, akainamisha kichwa, akasali kumi lote mpaka punje ya mwisho. Safari hii hakuwa anaomba kitu. Kija alivua kofia yake, na foleni nzima ikamsubiri.